Namna ya Kuandika Riwaya ya Ziwa Isiyohubiri

Anza na shaka, si mada. "Mazingira" ni mada, nayo haina mwisho. Shaka ina pande mbili zinazovutana, na kila upande una haki yake. Ziwa Victoria limejaa shaka za namna hiyo. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, alipandikizwa humo miaka ya 1950. Akawatafuna fulu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, wa aina nyingi. Huyo huyo akaleta viwanda vya minofu Kisumu, na mifupa inayobaki, mgongo wazi, hukaangwa Obunga, mtaa wa Kisumu, na kulipa karo. Ni baraka au balaa? Ukiwa na jibu kabla ya sura ya kwanza, andika makala, riwaya iache.

Shaka hiyo wagawie watu wawili wanaotegemeana: mvuvi na mkewe mchuuzi, au baba na binti. Mmoja wao akianza kusema kama kijitabu cha wizara, mnyamazishe au mtie njaa.

Kabla ya msuko, chora kalenda ya ziwa yenyewe. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na uvuvi wa omena, yaani dagaa, hufungwa upande wa Kenya Aprili hadi Julai. Weka na mwezi wa angani. Omena huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu. Ukiwapeleka wavuvi wa omena ziwani kwenye mbalamwezi ili mapenzi yanoge, msomaji wa Dunga, ufuo wa wavuvi Kisumu, atakifunga kitabu hapo hapo.

Gugumaji, mmea unaoelea juu ya maji, nalo hufuata upepo: ufuo ulio wazi alfajiri waweza kuzibwa mchana, mashua zikiwa bado majini. Hiyo ni sura nzima, wala huhitaji mtu mwovu. Linanenepeshwa na mbolea ya mashamba na maji taka ya miji, kwa hiyo anayelilaani naye amelilisha. Kisha chini yake samaki kama kamongo na mumi hupata maficho, na mvuvi wa ndoana akafurahi. Hapo ndipo shaka hunoga.

Kwa kila sura weka mistari mitatu daftarini: nani alichukua nini ziwani, kiasi gani, nani alilipa. Mistari ikikosa majibu, kuna uwezekano mkubwa umeandika hotuba. Sura 20 za maneno 2,500 zinatosha. Mandhari isizidi sentensi tatu kabla mkono wa mtu haujashika kitu.

Kosa linalorudiwa mno ni ziwa kulipiza kisasi. Maji ya Victoria yalipopanda mwaka 2020 hayakuuliza nani mchafuzi. Na Ziwa Nakuru, lililokuwa likipanda kwa takriban miaka kumi, halikuchagua pia. Mafuriko yako yaingie kwanza kwa yule aliyekuwa sahihi.

Rasimu ikiisha, msomee mchuuzi wa samaki sura za ufuoni kwa sauti. Akicheka pasipo na kichekesho, futa mstari huo.