Uzamivu wa sheria ya kimataifa: swali kwanza, chuo baadaye

Wadogo zangu wa sheria wakinipigia, jambo la kwanza huwa, "Dada, niombe chuo gani?" Nami huwarudisha nyuma: niambie kwanza unataka kujua nini.

Nilipoteza mwaka mzima na andiko la utafiti lenye kichwa "Ulinzi wa haki za binadamu barani Afrika". Nililituma kwa maprofesa watatu. Wawili hawakujibu. Wa tatu aliandika mstari mmoja: hii ni maktaba, si swali. Niliumia, lakini alisema kweli.

Swali lilinijia nikiwa wakili Arusha, mwaka 2019, Tanzania ilipoondoa tamko lake la ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyounda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tamko hilo ndilo linalompa raia au asasi njia ya kuishtaki nchi moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo. Itifaki inataja kulitoa. Kuhusu kuliondoa, kimya. Rwanda ilipoondoa lake mwaka 2016, Mahakama iliamua katika shauri la Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani wa Rwanda, kwamba nchi inaweza kuondoa tamko lake, ila mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yanaendelea, na notisi ni mwaka mmoja. Muda huo iliuchukua kwa kulinganisha na Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba. Nikajiuliza: mahakama inapata wapi uwezo wa kuweka muda ambao nchi hazikuuandika? Hapo tasnifu ikaanza.

Basi pima swali lako hivi: taja ibara, taja shauri, taja mtu mwenye akili timamu atakayekupinga. Kimoja kikikosekana, rudi ukasome. Na usome hukumu nzima, pamoja na maoni ya majaji waliotofautiana na wenzao. Mimi naamini maswali mengi mazuri yamelala humo.

Msimamizi mtafute kwa maandishi yake, jina la chuo lisikubabaishe. Soma makala zake mbili, kisha mwandikie ukurasa mmoja ukionyesha pale unapotofautiana naye. Usidharau vyuo vya nyumbani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha sheria za Afrika Mashariki kinachoshirikiana na Bayreuth, Ujerumani, tangu 2008.

Jifunze Kifaransa mapema. Benin na Côte d'Ivoire zilipoondoa matamko yao mwaka 2020, nyaraka nilizozihitaji zilikuwa za Kifaransa, nami nilikuwa bado nahangaika na vitenzi.

Fedha: uliza ufadhili unaishia lini. Wangu ulikuwa wa miaka mitatu, kazi ikachukua mitano. Miwili ya mwisho niliandika usiku, mchana niko mahakamani.

Na kila unaponakili jambo kutoka kwenye hukumu, andika nambari ya aya papo hapo. Wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu nilikuwa nasoma upya hukumu zilezile, natafuta aya nilizokwisha kuzisoma.