Breki za bagi hazishiki? Anza na mguu wako, spea baadaye

Jirani yangu hapa Kisauni ana bagi, ile ya bodi ya faiba juu ya chasi ya Volkswagen Beetle, kajiundia mwenyewe. Breki hamna. Kabadilisha masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, kabadilisha pedi, pesa zaenda na pedali bado yazama, mwisho ndo akaniita. Manake gari la kujiunda si kama la kampuni, spea yaweza kuwa mpya na nzuri lakini imefungwa vibaya.

Hatua ya 1. Gari limesimama, kanyaga pedali uisikilize. Yabonyea kama sponji? Kuna upepo ndani. Yashuka polepole ukiwa umeikazia? Yavuja mahali, ama mpira wa ndani ya masta umekwisha. Yapanda ukipampu? Upepo, ama shuu za nyuma (zile zinazokandamiza dramu, bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) ziko mbali na dramu, zisogeze kwanza. Ngumu kama jiwe na gari halisimami? Pedi zimeng'ara ama zimeingia mafuta, au pistoni zimeshika kutu, na kwa hii chumvi yetu ya bahari kutu haikawii.

Hatua ya 2. Tafuta unyevu kwenye maungio ya paipu, hozi, na ndani ya dramu. Ukiona, tengeneza hapo kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3, na hapa ndo wengi wanaumia. Chungulia kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, nati ya kutolea upepo iko wapi? Lazima iwe juu kabisa. Za jirani zilikuwa zaangalia chini, kalipa ya kushoto kafunga kulia na ya kulia kushoto, zaingia sawa tu wala huwezi kushuku, lakini upepo hukaa juu kwa hivyo hata utoe wiki nzima hautoki. Zibadilishane. Kama haziwezi kubadilishana, fungua kalipa, igeuze nati iangalie juu, tia kibao katikati ya pedi pistoni isichomoke, toa upepo halafu rudisha.

Hatua ya 4. Kutoa upepo. Tumia mafuta mapya ya breki, ya daraja la DOT 4, yaliyotoka usiyarudishe, hunyonya maji ya hewani halafu yakipata moto yachemka mapema. DOT 5 ni silikoni, usichanganye. Anza gurudumu lililo mbali na masta, kwa usukani wetu wa kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mwenzio akanyage ashikilie, wewe fungua nati, funga, NDO aachie. Na chupa ya mafuta ya masta isikauke, ikikauka mwaanza upya.

Hatua ya 5. Bado ngumu? Bagi haina busta, kile cha kuongezea nguvu ya mguu, kwa hivyo pima pedali: toka egemeo mpaka unapokanyaga iwe kama mara 5 au 6 ya toka egemeo mpaka fimbo ya masta. Masta nene kupita kiasi pia hufanya pedali iwe ngumu na presha ndogo, wengi hununua nene wakidhani ndo nguvu. Hiyo fimbo iachie nafasi kama milimita 1, ikibana breki zitajishika zenyewe.

Kujaribu, tafuta kiwanja kitupu, usije ukajaribu kwenye mteremko wa feri Likoni yakhe. Pedi mpya zizoeshe: toka kilomita 50 kwa saa shuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, kama mara 10, ukiziacha zipoe kidogo kila mara.