Kabla Hujakata Fenda Ili Tairi Kubwa Likae

Kwanza jiulize hilo gari linakwenda wapi. Kama safari zako ni za hapa Dodoma, Area D hadi Mji wa Serikali Mtumba na Jumapili kanisani, fenda zako, yale mabati yanayofunika matairi, hazijakukosea kitu, ziache. Tairi kubwa ni la mtu anayeiacha lami: anayepita mchanga wa makorongo ya Chemba na Mpwapwa, tope la mbuga za Bahi, au mawe ya kupandia kwenye michoro ya miambani kule Kolo. Na hata huyo, mara nyingi kinachomkwamisha ni upepo uliozidi ndani ya tairi. Ukifika kwenye mchanga mwingi, shusha upepo mpaka PSI 18 au 20, tembea taratibu, usikate kona kwa nguvu, uone tairi lile lile ulilokuwa unalilaani linavyopita. Jaribu hilo kabla ya kutoa hela. Ila uwe na pampu ya kurudishia upepo kabla hujagusa lami.

Umejaribu na bado unataka kukata? Haya, piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Namba zilizo ubavuni mwa tairi zinatosha: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. 265/70R16, ambalo pikapu na magari mengi ya porini huja nalo, lina kipenyo cha milimita 777 hivi. 285/75R16, lile wanaloliita 33 kwa inchi zake, linafika 834. Tofauti ni milimita 57. Nusu yake, kama 28, inalinyanyua gari. Nusu nyingine inapanda kuelekea fenda. Watu husahau kwamba tairi huongezeka pande zote, kwa hiyo milimita 28 nyingine zinakwenda mbele kwenye kona ya bampa na 28 zinarudi nyuma, kwenye ukuta ulio karibu na miguu ya dereva. Hapo nyuma ndipo fenda za mbele huanza kulalamika, wala si juu.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaipendi kwa sababu haina mbwembwe: 235/85R16. Kipenyo chake ni 806, na ni jembamba kuliko lile la 265 kwa milimita 30. Unapata kimo bila kuongeza upana, na kwenye magari mengi unakata plastiki kidogo tu au hukati kabisa. Land Cruiser za zamani, zile za misheni na za miradi, zimezunguka mkoa huu miaka nenda rudi na 7.50R16, tairi refu jembamba lisilo na sura ya kutisha mtu. Kwenye tope la mbuga, jembamba huzama mpaka likanyage udongo mgumu. Pana huelea, likianza kuteleza halina pa kushika.

Rimu nazo ziangalie. Rimu zilizotokeza nje, au spesa, yale mabamba ya kusogeza rimu nje, hulisogeza tairi mbali na kitovu cha kukatia kona, kwa hiyo usukani ukizungushwa tairi linachora duara kubwa zaidi na kugusa mahali ambapo lisingegusa. Mtu anaweka spesa ili tairi lisiguse springi kwa ndani, kisha anakata fenda mara mbili ya ilivyohitajika.

Utaambiwa pia, "Inua gari tu, hutakata." Si kweli, au tuseme ni kweli gari likiwa limeegeshwa. Springi ndefu hulinyanyua bodi likiwa limesimama, lakini gurudumu likipigwa na shimo linapanda mpaka mwisho wake ule ule wa zamani. Kinacholizuia ni ile raba ya kugotea iliyo juu ya ekseli. Kama raba hiyo haikuongezewa urefu, tairi litafika kwenye bati kama kawaida, tena kwa kishindo.

Hapo sasa ndipo pa kutulia, maana ndipo nilipoona watu wakiumbuka. Shemeji yangu ana pikapu ya dabo kebini. Aliipeleka gereji ikiwa tupu, safi, imeoshwa. Fundi akavalisha matairi ya 33, akachora, akakata mbele na nyuma, wakazungusha usukani mpaka ukagota kulia, ukagota kushoto. Haligusi. Wakapeana mikono, shemeji akalipa, akapiga picha.

Msimu wa alizeti ukafika. Tukaenda naye kijiji kimoja upande wa Chemba kuchukua magunia, na kwa kuwa sasa gari lilikuwa "la porini", alilijaza mpaka springi za nyuma zikalala. Kwenye tambarare ilisikika kwikwi ndogo nyuma kila tulipopita tuta. Akasema ni turubai linapigwa na upepo. Tulipofika korongoni akashuka kimshazari, gurudumu moja la nyuma likazama, lile la upande wa pili likapanda juu mpaka mwisho. Ukasikika mlio kama mtu anachana shuka jipya, na upepo wote ukatoka kwa pumzi moja. Ubavu wa tairi ulikuwa umepasuka urefu wa kiganja. Ubavu hauzibwi. Fundi pancha yeyote mwenye akili atakwambia hivyo, na akikubali kuuziba, mkimbie.

Tulichokuta kwenye fenda ni ukingo wa bati ulioachwa kama ulivyotoka kwenye grinda: makali, meno meno, umekunjika kidogo kwa ndani. Bati lilipimwa gari likiwa tupu, na makali hayakupigwa tupa. Kosa moja kati ya hayo lingetuletea kelele tu. Yote mawili yalikula tairi jipya.

Bado kulikuwa na la spea. Matairi makubwa yalinunuliwa manne, spea ikabaki ile ya zamani ya 777. Tukaifunga nyuma palepale pancha ilipotokea, tukawa tunajiandaa kuondoka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mgunga, dereva wa malori enzi zake, akatuita. Tukamwamkia. Akauliza, "Wanangu, na hilo guu fupi mnafika nalo Dodoma?"

"Ndiyo mzee, tutakwenda polepole."

"Difu haijui polepole. Chukueni kubwa la mbele mlilete nyuma, hilo dogo likae mbele. Na fowili msiiguse mpaka mfike."

Alikuwa sahihi. Ekseli ya nyuma ndiyo inayosukuma. Ukiiwekea matairi ya vipimo viwili, gia za ndani ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, zinasagana njia nzima, hata kwenye barabara iliyonyooka. Kwa pikapu za aina hii, ukiwa hujaingiza fowili, yaani hujayaamuru magurudumu yote manne yavute, ekseli ya mbele inafuata tu, na tofauti hiyo utaihisi mikononi kwa usukani kuvuta upande mmoja. Ukiingiza fowili hapo, unavunja. Kwa magari yanayovuta magurudumu yote muda wote, dawa hii haifanyi kazi. Hayo yanahitaji matano ya kipimo kimoja, basi. Nusu ya magunia tuliyaacha kwa mwenyekiti wa kitongoji, maana hata tairi zima lilikuwa linalamba fenda.

Kwa hiyo pima gari likiwa na mzigo wake halisi: magunia, watu, tangi la mafuta likiwa limejaa. Kisha likunje. Tafuta kingo ya barabara ya udongo, panda gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili, mpaka springi zibanwe kabisa. Zungusha usukani hadi ugote, mbele na rivasi. Paka chaki kwenye tairi, palipogusa patajionyesha. Rudia pande zote nne, kwa sababu gari la zamani halijakaa sawa kulia na kushoto. Halafu acha nafasi ya vidole viwili zaidi ya hapo, kwa ajili ya tope. Tope la Bahi hujaa kati ya tairi na fenda, likikaza linashika gurudumu kama breki.

Kukata kwenyewe kuna adabu yake. Anza na plastiki na kona ya bampa, jaribu tena, ndipo uguse bati. Kata kidogo kuliko ulivyochora, kwa maana bati lililoondoka halirudi. Ule mshono wa mabati mawili ulio nyuma ya gurudumu la mbele usiufyeke. Ulaze kwa nyundo, na ukilazimika kuukata uchomelewe upya, kwani ndio unaoshikilia bodi. Kwenye fenda za nyuma bati ni mbili, ya nje na ya ndani, zimeshikana ukingoni kwa nukta za kuchomelea. Ukikata ukingo umezitenganisha. Zisipounganishwa tena na kuzibwa, vumbi la Dodoma litaingia ndani mpaka ulionje mdomoni, na mvua za Desemba hadi Aprili zitaweka maji mahali usipopaona. Usidanganywe na ukame wetu ukadhani kutu ni shida ya Tanga na Dar es Salaam tu. Piga tupa, paka praima siku hiyo hiyo, rangi, kisha visha ukingo mpira. Hata mpira wa maji uliopasuliwa katikati unafaa.

Nyuma ya bati kuna vitu. Waya za taa, hosi ya breki, waya wa ABS, chupa ya maji ya kioo, na nyuma upande mmoja kuna shingo ya kujazia mafuta. Vua ukuta wa plastiki uangalie kwa macho yako, usikubali "hapa hamna kitu bosi". Betri itolewe kabla ya kuchomelea. Vioo vifunikwe kwa turubai au blanketi bichi. Cheche za grinda hujichoma kwenye kioo zikabaki madoa yasiyofutika. Miwani ya kazi, ndoo ya mchanga, na mtoto asisogee.

Usimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu vipande. Kimoja kinaweza kuhitajika kama kiraka.

Mshale wa spidi nao utakudanganya. Kutoka 777 kwenda 834, kama saa ilikuwa sahihi, ukisoma 80 unakwenda karibu 86. Saa za magari mengi zikitoka kiwandani huonyesha juu kidogo ya mwendo halisi, na hiyo akiba ndogo ndiyo uliyoila. Kwenye vibao vya 50, askari mwenye tochi hasikilizi habari za kipenyo. Linganisha na simu. Kumbuka na kumwaga oili: kilomita 5,000 za kwenye saa ni zaidi ya 5,300 za barabarani.

Waambie watu wa bima kwa maandishi kama una bima kubwa. Tairi lisitokeze nje ya bodi, litawapiga mawe wanaokufuata. Boljointi na tairodi, viungo vya magurudumu ya mbele na usukani, zikaguliwe kabla, si baada. Breki zitahitaji umbali mrefu zaidi, hasa ukishuka na mzigo. Kama matairi ni ya mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na jua la huku halihurumii mpira mkuukuu. Kaza nati tena baada ya safari ya kwanza. Chungulia ndani ya fenda kila ukitoka porini, utafute palipong'aa. Beba kipimo cha upepo, beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji. Na kama mawingu yamefunga upande wa Kondoa, maji ya huko hushuka huku, kwa hiyo usivuke korongo eti kwa kuwa hapo ulipo kuna jua na mchanga ni mkavu. Tairi la 33 haliogelei.