Jinsi ya kuwahi matatizo ya majeruhi aliyelazwa ICU

Majeruhi aliyelazwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) kwa dawa za usingizi hawezi kulalamika, na matatizo yake huja kwa zamu. Ukimpokea, uliza kwanza zimepita saa ngapi tangu aumie, kisha tafuta kinachotarajiwa wakati huo.

Hatua ya 1: Mpashe joto
Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, damu haigandi ipasavyo. Anavuja zaidi, oksijeni haifiki mwilini, asidi inapanda, na asidi nayo inazuia damu kuganda. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, pasha joto damu na dripu. Asidi ya traneksami (dawa ya kupunguza kuvuja damu) ianze ndani ya saa 3 tangu kuumia: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Muda huo ukipita usiianzishe, inaweza kumdhuru.

Hatua ya 2: Shika miguu na mikono kila saa
Hapa nasisitiza, kwa sababu mguu unaweza kupotea chini ya shuka safi. Muundi ukivunjika, misuli huvimba ndani ya utando usiotanuka mpaka damu ishindwe kupita. Funua shuka. Bonyeza kigimbi na ukilinganishe na cha pili: kimekuwa kigumu kama ubao? Vikunje vidole vya mguu juu na chini huku ukitazama monita. Mapigo ya moyo yakipanda ghafla, mwite daktari wa upasuaji palepale. Usifarijike kwa kuusikia mshipa wa unyayoni ukidunda, maana huo huzimika mwishoni kabisa, misuli ikiwa imeshakufa. Kama mna kifaa cha kupima presha ya misuli, itoe kwenye namba ya chini ya presha ya damu. Jibu likiwa chini ya 30 (mmHg), apasuliwe.

Tazama na mfuko wa mkojo. Mkojo wa kahawia iliyokoza ni dalili kwamba misuli inavunjika na figo zimo hatarini.

Hatua ya 3: Pima presha ya tumbo
Hasa kwa aliyepewa damu na maji mengi. Mlaze chali, ingiza mililita 25 za salaini kibofuni kupitia katheta (mpira wa mkojo), weka sifuri usawa wa mstari wa katikati ya kwapa, soma anapomaliza kutoa pumzi. Kuanzia 12 (mmHg), rudia kupima kila baada ya saa chache. Ikibaki juu ya 20 na mkojo ukakata au mapafu yakagoma, hiyo ni dharura.

Hatua ya 4: Siku ya 2 na ya 3
Aliyevunjika paja akishuka oksijeni na kuchanganyikiwa, mtazame kwapani na ndani ya kope. Vidoa vyekundu huashiria mafuta ya mfupa yaliyoingia kwenye damu.

Nimonia ya mashine ya kupumulia huhesabiwa baada ya saa 48 akiwa kwenye mashine. Inua kichwa digrii 30 hadi 45. Kama uti wa mgongo haujathibitishwa kuwa salama, inamisha kitanda kizima. Kila raundi uliza: heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) inaanza lini? Damu ikishaacha kuvuja, kuchelewa kunakaribisha mabonge ya damu mishipani.

Hatua ya 5: Mkague upya
Ndani ya saa 24, kuanzia utosini hadi vidoleni, na tena akizinduka. Mivunjiko midogo ya viganja na nyayo ndiyo hupita bila kuonekana. Fungua kola ya shingo huku mwenzako akishikilia shingo, kagua ngozi ya kisogoni na kidevuni, na ukiona popote pamevimba, omba eksirei siku hiyohiyo.