Jinsi ya Kupiga Picha za Kikao cha Vikoba Zenye Uhai

Picha nyingi za vikundi zinafanana: mistari mitatu ya watu, bango nyuma, kila mtu kakaza uso. Anayeitazama hajui kama ni kikundi cha kuweka na kukopa au ni kikao cha harusi. Watu wanaohangaika wiki nzima kutafuta hela ya hisa wanastahili picha inayoonyesha kazi yao. Mimi hufuata utaratibu huu, na simu ya kawaida inatosha.

Hatua ya 1: Ruhusa na ratiba
Mwone mwenyekiti mapema, na siku ya kikao ujitambulishe kwa wanachama wote. Asiyetaka kupigwa picha, elewaneni akae upande ambao hutauelekea. Kisha muulize katibu mambo yanaendaje: mahudhurio, kufungua sanduku, mfuko wa jamii, hisa, marejesho, mikopo. Ukijua kinachofuata, kitakukuta umeshajipanga.

Hatua ya 2: Mwanga
Chini ya mwembe, ogopa madoa ya jua yanayopenya majani na kutua usoni. Omba mkeka usogezwe penye kivuli kizito. Ndani ya chumba chenye mlango mmoja, simama karibu na mlango, uupe mgongo, mwanga uwaangukie wao. Ukilazimika kuwapiga mlango ukiwa nyuma yao, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu halafu ongeza mwanga, hata kama nje patabaki peupe. Flashi zima kabisa, inakata mazungumzo. Taa za tyubu zikileta mistari kwenye picha za kamera, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/100 au 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde.

Hatua ya 3: Sanduku
Hapa usikimbie. Katika vikundi vingi sanduku la chuma lina makufuli matatu, na kila ufunguo uko kwa mwanachama tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Uaminifu wote wa kikundi unaonekana katika dakika hiyo. Piga magoti, kamera iwe usawa wa makufuli, mikono iwe mbele na nyuso nyuma yake. Lenzi ya milimita 35 inafaa sana. Shata isishuke chini ya 1/125, ila penye taa za tyubu baki kwenye 1/100. Pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600 au 3200 ikibidi, kwani chengachenga kidogo ni afadhali kuliko mkono uliofifia. Mwenye simu asivute kwa zumu, asogee.

Pesa zinapoanza kuhesabiwa, geuka. Mhesabuji kainama, uso hauonekani. Wanaomtazama ndio wenye picha. Midomo inahesabu naye kimyakimya, mama mmoja kamkumbatia mtoto lakini macho hayabanduki kwenye noti. Piga nyingi, usiseme neno.

Hatua ya 4: Faini
Aliyechelewa akitajwa, kicheko hakikosi. Uwe tayari.

Hatua ya 5: Picha ya pamoja
Ipige, wanaitaka na ni haki yao. Ila ukishasema "tayari, asanteni", usishushe kamera. Sekunde zinazofuata mabega hulegea na watu huanza kutaniana.

Hatua ya 6: Kuchagua
Futa kila picha inayosomeka majina na kiasi kwenye vitabu vya hisa, na yoyote inayoonyesha nyumba linakolala sanduku. Zilizobaki safisha chache studio, uwapelekee kikao kijacho.