Kupiga kura na kugombea udiwani katika manispaa za Ontario, Kanada

Ninashika vitabu vya fedha vya wagombea udiwani katika jimbo la Ontario, na kila msimu wa uchaguzi Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania waliohamia huku huniuliza maswali yaleyale kuhusu kura ya manispaa. Wengi wao huijali kura ya shirikisho na kuiacha hii ya mjini, ilhali basi la kumfikisha mtu kazini, ukaguzi wa jengo lenye lifti mbovu, theluji iliyorundikana kituoni, maktaba na viwanja vya watoto vyote vimo mikononi mwa baraza la manispaa. Mwaka 2022, katika jiji la Toronto, waliopiga kura hawakufika theluthi moja ya wenye haki hiyo. Katika kata yenye ushindani mkali, wakaazi wa majengo machache ya ghorofa wakiamua kutoka wote, wanaweza kumpa mtu udiwani au kumnyima.

Mwongozo huu unahusu Ontario peke yake. Kifungu cha 92 cha Katiba ya mwaka 1867 kiliyakabidhi majimbo mamlaka juu ya manispaa, na ndiyo sababu kila jimbo lina sheria na kalenda yake. Ontario hufuata Sheria ya Uchaguzi wa Manispaa ya mwaka 1996, ambayo inaweka siku ya kura kuwa Jumatatu ya nne ya Oktoba kila baada ya miaka minne. Kwa hesabu hiyo, uchaguzi baada ya ule wa 2022 ni wa tarehe 26 Oktoba 2026. British Columbia ni Jumamosi ya 17 Oktoba mwaka huohuo, Manitoba ni Jumatano ya 28, na kalenda ya Quebec na ya Alberta iliangukia mwaka 2025. Anayeishi huko asitumie tarehe na viwango vilivyomo humu.

Hatua ya kwanza: hakikisha una haki

Mpiga kura anatakiwa awe raia wa Kanada, awe ametimiza miaka 18 ifikapo siku ya kura, na awe na uhusiano na manispaa husika: ama anaishi humo, ama anamiliki au amepanga nyumba au ardhi humo, ama ni mume au mke wa mmiliki au mpangaji wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayeishi Hamilton na kumiliki nyumba Brampton anaweza kupiga kura mara moja katika kila mji, na mwanafunzi anayeishi chuoni kwa muda anaweza kupiga kura chuoni na nyumbani kwao, endapo ni miji tofauti. Ndani ya manispaa moja, hata ukiwa na nyumba tatu, kura ni moja.

Mkaaji wa kudumu hana kura, hata kama ameishi hapa miaka mingi na analipa kodi zote. Baraza la jiji la Toronto liliwahi kuiomba serikali ya jimbo, mwaka 2013, iwaruhusu wakaaji wa kudumu kupiga kura za mji, lakini sheria haikubadilishwa, na mimi naona hilo ni pengo linalowaumiza watu wetu kuliko wengine. Hata hivyo asiye raia hajafungiwa kila mlango: anaweza kujitolea katika kampeni, na anaweza kumchangia mgombea fedha, kwa sababu kigezo cha mchangiaji ni kuwa mkaazi wa kawaida wa Ontario. Anayetafakari kuomba uraia akumbuke pia sheria za nyumbani. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, lakini Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa Kanada hupoteza ule wa Tanzania, na huo ni uamuzi wa familia nzima.

Hatua ya pili: daftari na kitambulisho

Tangu Januari 2024 daftari la wapiga kura wa manispaa linatunzwa na Elections Ontario, chombo kilekile kinachosimamia uchaguzi wa jimbo. Ingia katika tovuti yake ya RegisterToVoteON.ca, andika jina na anwani yako, uhakikishe kwamba umo na kwamba namba ya nyumba yako iko sawa, hasa kama ulihama karibuni. Jina linaweza kuongezwa hata kituoni siku yenyewe, ila foleni ya marekebisho huchosha.

Kituoni hutaulizwa picha. Kinachotakiwa ni hati yenye jina lako na anwani yako ndani ya manispaa: leseni ya udereva, mkataba wa pango, bili ya umeme, taarifa ya benki, karatasi ya posho ya watoto, au hati ya kodi ya mapato. Pasipoti haitoshi, kwa sababu anwani iliyomo umeiandika mwenyewe kwa kalamu. Aliye kwenye daftari na hana hati mkononi anaweza kusaini tamko la utambulisho akapewa karatasi yake, kwa hiyo usikubali kurudi nyumbani kabla ya kuiomba fomu hiyo.

Hatua ya tatu: siku ya kura

Kwa kawaida vituo hufunguliwa saa 4 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Iwapo zamu yako ya kazi haikuachii saa tatu mfululizo ndani ya muda huo, mwajiri analazimika kukupa ruhusa ya kuzifikisha, bila kukukata mshahara. Wanaofanya kazi za maghala na za kutunza wazee waijue haki hii mapema na waiombe kwa maandishi. Manispaa nyingi pia huwa na siku za kura ya mapema, na nyingine hupiga kura kwa intaneti au kwa simu; Markham ilianza kutumia intaneti mwaka 2003. Toronto bado ni karatasi, ambayo unaijaza kwa kalamu na kuipitisha katika mashine ya kuhesabia.

Usitafute bendera wala rangi ya chama, kwa kuwa karatasi ya Ontario ina majina matupu. Katika uchaguzi mdogo wa meya wa Toronto uliofanyika tarehe 26 Juni 2023, ambao Olivia Chow alishinda, majina yalikuwa 102, na mtu aliyefika bila kujua anamtafuta nani alikuwa na kazi kubwa ya kusoma. Mzee asiyejua Kiingereza wala Kifaransa anaweza kuingia na mtu wa kumsaidia, ambaye huapishwa kwanza kwamba atatunza siri na ataandika alivyoelekezwa. Ukikosea kujaza, irudishe karatasi kabla ya kuingia mashineni upewe nyingine.

Hatua ya nne: amua kugombea, na kwa nafasi gani

Tanzania mtu hawezi kugombea bila kupitishwa na chama. Hapa Ontario kila mgombea wa manispaa ni mgombea binafsi: hakuna kura za maoni, hakuna kikao cha kukata majina. Sifa za mgombea ni zile za mpiga kura, na lazima uwe nazo siku unayorudisha fomu. Hulazimiki kuishi katika kata unayoigombea, ilimradi una sifa ndani ya manispaa hiyo. Lakini utaulizwa swali hilo mlangoni, na jibu lake uwe nalo. Mfanyakazi wa manispaa hiyo achukue likizo bila malipo kabla ya kurudisha fomu.

Wanaodhani nafasi hizi si za watu wenye asili ya kwetu wamtazame Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania: alichaguliwa meya wa Calgary, jimbo la Alberta, mwaka 2010, bila tiketi ya chama, akakaa hadi 2021. Kwa anayeanza, hata hivyo, ushauri wangu ni udiwani, na uzito wa kata uupime mapema. Toronto ilipunguziwa madiwani na serikali ya jimbo mwaka 2018, kampeni zikiwa zimeshaanza, wakabaki 25, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaupitisha uamuzi huo mwaka 2021. Kata zake sasa ni kubwa kama majimbo ya ubunge. Mji mdogo una milango michache.

Hatua ya tano: wadhamini na fomu

Fomu za uchaguzi wa 2026 zinapokelewa na karani wa manispaa kuanzia tarehe 1 Mei hadi tarehe 21 Agosti, saa 8 kamili mchana. Ada ni dola 100 kwa udiwani na dola 200 kwa umeya. Katika manispaa yenye wapiga kura zaidi ya 4,000 unahitaji pia saini za wadhamini 25.

Saini hizo ndizo zinazowakwamisha wengi. Kila mdhamini awe na sifa ya kupiga kura katika manispaa hiyo siku anayosaini, kwa maana hiyo jirani asiye raia hafai, hata kama ndiye rafiki yako mkubwa. Si lazima awe wa kata yako, na anaruhusiwa kumdhamini zaidi ya mgombea mmoja. Mimi humtaka mgombea wangu akusanye saini 40. Jioni hukaa naye mezani, tukipitia mstari kwa mstari: jina limesomeka, namba ya nyumba ipo, saini ni ya wino, na kila mmoja ameulizwa waziwazi kama ni raia. Ukiuliza hivyo kwa heshima, hakuna anayekasirika.

Kabla fomu haijapokelewa, usipokee wala usitumie hata senti moja ya kampeni. Usichapishe vipeperushi, usilipie ukumbi.

Hatua ya sita: fedha

Fungua akaunti ya benki kwa ajili ya kampeni peke yake kabla ya mchango wa kwanza. Mtu mmoja asikuchangie zaidi ya dola 1,200, isipokuwa kwa umeya wa Toronto ambako kikomo ni dola 2,500. Na jumla ya anachowapa wagombea wote wa baraza moja isizidi dola 5,000. Kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kuchangia.

Mila zetu nzuri hugongana na sheria mahali hapa. Harambee ya kupitisha kikapu ina mipaka, kwa kuwa mchango wa fedha taslimu usizidi dola 25, na mchango unaozidi hapo lazima uwe na jina na stakabadhi. Fedha isiyo na mwenyewe inayozidi kiwango hicho hukabidhiwa kwa karani. Kaka aliyeko Nairobi au Bukavu asitume kitu, maana si mkaazi wa Ontario. Kanisa, msikiti, duka lililosajiliwa kama kampuni na chama cha wanajamii vyote haviruhusiwi, na ukumbi wao wakikupa bure, thamani ya ukumbi huo inahesabiwa kuwa mchango usio halali. Lipa kodi ya ukumbi kwa bei ambayo mwingine angelipa, udai risiti. Kazi ya kujitolea haihesabiwi: mama akija jikoni kwako kupika pilau ya wasaidizi, mikono yake ni bure, lakini mchele na nyama alivyonunua kwa fedha yake ni mchango, na ninaviandika kitabuni kwa bei ya dukani.

Matumizi nayo yana kikomo: kwa diwani ni dola 5,000 pamoja na senti 85 kwa kila mpiga kura wa kata. Kata ya wapiga kura 30,000 hutoa kikomo cha dola 30,500. Karani atakupa cheti chenye kiwango chako. Kibandike ndani ya jalada la kitabu cha hesabu.

Hatua ya saba: milango

Mabango husaidia, lakini kura hupatikana kwa kubisha hodi. Katika majengo ya ghorofa mlinzi au meneja huenda akakuzuia, na hapo ndipo umwoneshe sheria kwa upole: kati ya saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, mwenye jengo haruhusiwi kumzuia mgombea au mjumbe wake kufika kwenye milango ya wakaazi. Mpangaji naye ana haki ya kuweka bango katika nyumba yake. Beba nakala ya kifungu hicho pamoja na fomu yako iliyopokelewa. Panda lifti hadi ghorofa ya juu kabisa, kisha ushuke kwa ngazi ukimaliza kila ukumbi wa milango, na uandike papo hapo jibu la kila mlango, pamoja na lugha anayotaka kuzungumziwa.

Katika vituo unaweza kuweka mawakala, na kila mmoja awe na barua yako ya uteuzi. Matokeo ya awali hutangazwa usiku huohuo, na baraza jipya huanza kipindi chake tarehe 15 Novemba 2026.

Hatua ya nane: taarifa ya fedha

Kampeni kwa kawaida hufungwa tarehe 31 Desemba, na taarifa ya fedha huwasilishwa kwa karani mwishoni mwa Machi mwaka unaofuata. Wagombea wote wanadaiwa taarifa hii: aliyeshinda, aliyeshindwa, na aliyejitoa baada ya kurudisha fomu. Michango au matumizi yakizidi dola 10,000, taarifa ipitiwe na mkaguzi wa hesabu mwenye leseni, na mkaguzi huyo mtafute Januari kabla msimu wa kodi haujamzidi. Aliyechelewa ana siku 30 za nyongeza kwa faini ya dola 500. Baada ya hapo, mshindi hupoteza kiti, na wote hufungiwa kugombea mpaka uchaguzi mkuu wa manispaa unaofuata uishe. Anayewasilisha kwa wakati hurudishiwa ada aliyolipa.

Stakabadhi, hundi na kitabu chenyewe vihifadhiwe mahali pakavu mpaka baraza la 2030 litakapoapishwa, kwa sababu mpiga kura yeyote anaweza kuomba hesabu zako zikaguliwe.