Kung'oa majani ya Corvette C5 na C6 na kufunga koilova, hatua kwa hatua

Springi ya majani ya Corvette C5 na C6, yaani vizazi vya tano na sita vya gari hilo, si ile ya lori. Hakuna rundo la vyuma vilivyofungwa chini ya ekseli. Ni jani moja la nyuzi za glasi, limekingama chini ya gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Springi ya kukingama ilianza kuwekwa nyuma ya Corvette mwaka 1963, ikiwa ya chuma. Jani la nyuzi lilifika 1981 likiwa na uzito usiofika kilo 4, ilhali la chuma lilikaribia kilo 20. Kuanzia modeli ya 1984 mbele pia pakawekwa jani, na mpango huo ukaendelea hadi C8 ya 2020 ilipotoka kiwandani na springi za koili kwenye magurudumu yote manne.

Kwa hiyo usilitoe jani kwa kuambiwa tu kwamba ni teknolojia ya kizamani. Ni jepesi, haliliwi na kutu, na uzito wake umekaa chini. Sababu ya kweli ya kuhamia koilova (springi ya koili iliyozunguka shokapu, yenye pete ya kurekebishia) ni moja: unataka kubadilisha ugumu wa springi, urefu wa gari kutoka ardhini na uzani unaokalia kila gurudumu, yaani uzani wa pembe, kila kimoja kwa wakati wake, kama wafanyavyo watu wa mbio. Kama gari lako linatembea barabarani tu na linayumba kwa sababu shokapu zimekufa, funga shokapu mpya nzuri. Utatumia pesa kidogo na utaridhika.

Kabla ya kununua

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi, kabla hata ya kushika spana. Jani la mbele limeshikwa kwenye fremu ndogo sehemu mbili zilizoachana. Ncha ya kushoto ikipanda, katikati hubonyea chini, na ncha ya kulia nayo hutaka kupanda. Maana yake jani linabeba gari na papo hapo linaisaidia stabilaiza (fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) kuzuia bodi isilale kwenye kona. Ukilitoa, ule msaada unaondoka nalo. Ukiweka koilova zenye ugumu uleule kwenye gurudumu, gari litalala zaidi kuliko mwanzo. Panga tangu sasa kama utafidia kwa springi ngumu zaidi au kwa stabilaiza nene zaidi. Mimi hupendelea stabilaiza kwa gari linalopita barabara mbovu, kwa sababu springi ngumu unaisikia kila shimo, lakini stabilaiza unaisikia zaidi kwenye kona.

La pili ni hesabu ya ugumu. Namba iliyoandikwa kwenye springi siyo inayofika kwenye gurudumu, kwa sababu koilova inakaa ndani zaidi kuliko tairi. Pandisha gurudumu milimita 50 kwa jeki, pima shokapu imefupika kiasi gani. Tuseme imefupika milimita 33. Uwiano ni 0.66. Namba hiyo uizidishe kwa yenyewe, unapata kama 0.44. Springi ya niutoni 90 kwa milimita itafika kwenye gurudumu ikiwa kama 39. Uwiano wa mbele na wa nyuma haulingani, kwa hiyo pima kote kuwili. Namba zilizopigiwa gari jingine usizichukue hata kama linafanana na lako.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi kila ninapoona seti za bei rahisi. Vikalio vya shokapu kwenye C5 na C6 vilitengenezwa vitulize mtikisiko tu; uzito wa gari ulibebwa na jani. Ukishafunga koilova, vikalio hivyohivyo ndivyo vinavyobeba gari zima pamoja na kishindo cha kila shimo. Kagua kama kuna ufa au kutu. Nunua seti ambayo mtengenezaji wake amefikiria bolti za chini na vikalio vya juu, na usirudishe zile raba laini za zamani za juu ya shokapu.

Mwisho, kama gari lako lina shokapu za umeme, ulizia vifaa vya kuidanganya kompyuta. Bila hivyo utawashiwa onyo kwenye dashibodi, na kompyuta inaweza kukuwekea kikomo cha mwendo.

Hatua ya 1: Pima, kisha inua

Gari likiwa chini, kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Andika. Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua.

Bodi ya gari hili si ya chuma, na jeki ikikosea mahali itaipasua. Tumia matundu ya fremu yaliyo pembeni, ukiweka vipande vya kukalia jeki, kisha shusha gari juu ya stendi nne zenye nguvu chini ya fremu. Litikise kwa mikono. Kama linacheza hata kidogo, panga upya. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 2: Jani la nyuma

Anza nyuma, ni rahisi zaidi. Fungua linki za stabilaiza na ning'iniza waya za sensa pembeni zisivutike.

Jani lina nguvu iliyojikunja, na nguvu hiyo inaweza kuvunja mkono wa mtu. Funga klampu ya chuma karibu na ncha ya jani, ukitanguliza vipande vya mbao ili nyuzi zisikwaruzike, kisha weka jeki upande wa ndani wa klampu. Kazi ya klampu ni kuizuia jeki isiteleze kuelekea nje. Pandisha taratibu hadi bolti ndefu ya mwisho wa jani ilegee, huku macho yako yakiwa kwenye stendi: gari likianza kunyanyuka kutoka kwenye stendi, simama. Toa nati na raba yake, shusha jeki polepole, hamia upande wa pili. Ncha zote mbili zikiwa huru, fungua vishikizo vya katikati na ulishushe jani mkiwa wawili. Vaa glavu, nyuzi za glasi zikiingia kwenye ngozi zinasumbua sana.

Lihifadhi pakavu bila mikwaruzo. Jani lililokwaruzwa kwa kina hupoteza nguvu, na huenda siku moja mwenye gari akataka kulirudisha.

Hatua ya 3: Jani la mbele

Huku kuna kazi. Bolti za mkono wa chini (ule unaolishika gurudumu kwa chini) zina visahani vya kurekebishia mlalo wa gurudumu, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote chora alama ya rangi kwenye kila kisahani na fremu yake. Toa shokapu: nati moja juu, bolti mbili chini.

Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na boljointi, kile kiungo cha duara kwenye ncha yake. Legeza nati ya boljointi bila kuitoa yote, kisha uachanishe boljointi na nako (kipande kinachoshika habu) kwa kifaa cha kuvutia. Ule uma wa kugongwa kwa nyundo huchana raba ya boljointi. Ikishaachia, toa nati na ushushe jeki kidogo kidogo hadi jani liache kuusukuma mkono. Nako ifunge kwa waya, isining'inie kwenye paipu ya breki. Toa mkono wa chini wa upande mmoja, punguza nguvu ya jani upande wa pili kwa njia hiyohiyo, kisha fungua vishikizo vya jani kwenye fremu ndogo na ulivute litoke kwa pembeni.

Mikono ikiwa nje, kagua bushi na boljointi. Kama zimechoka, badilisha sasa.

Hatua ya 4: Kuunganisha na kufunga koilova

Safisha nyuzi za skrubu zilizo nje ya bomba la koilova na upake grisi ya kuzuia kutu, kwa sababu pete zitakaa kwenye tope na maji. Weka bearingi bapa kati ya springi na pete, vinginevyo springi itajikunja kila unapozungusha na kugeuza urefu kutakuwa mateso. Pandisha pete hadi iguse springi, kisha ongeza milimita chache tu. Gurudumu likining'inia kabisa springi isicheze kwenye kikalio chake; ikicheza, ongeza springi ndogo ya kusaidia.

Rudisha mikono kwa kufuata alama zako, funga koilova, tumia nati mpya zenye nailoni. Kisha pandisha kila gurudumu kwa jeki kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na kwa mbele rudia steringi ikiwa imekatwa kushoto, halafu kulia. Springi haipaswi kukaribia mkono wa juu, paipu ya breki wala waya wa ABS.

Bolti zinazopita kwenye bushi za raba usizikaze bado. Raba hiyo imegandamana na chuma chake. Ukiikaza gari likiwa juu, itabaki imejisokota muda wote gari likiwa chini, itaipa springi ugumu wa uongo na itachanika mapema. Zikaze uzito wa gari ukiwa kwenye magurudumu, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na vipimo vya kitabu cha gari lako. Nati za magurudumu ni niutonimita 140.

Hatua ya 5: Urefu na uzani wa pembe

Ukishusha gari, matairi yanakuwa yamejibana kuelekea ndani na gari linaonekana refu kuliko lilivyo. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, libonyeze kila pembe, ndipo upime. Upepo wa matairi uwe sahihi, tangi liwe na mafuta ya kawaida, na uzito wa dereva uwekwe kwenye kiti.

Kisha mizani nne. Fungua linki za stabilaiza upande mmoja kwanza, zisije zikadanganya vipimo. Jumlisha uzani wa mbele kushoto na nyuma kulia, gawanya kwa uzani wote. Lengo ni asilimia 50. Kwa gari la kilo 1,460, jumla hiyo iwe karibu na 730. Ukipandisha pete ya pembe moja unaongeza uzani kwenye pembe hiyo na ile inayoitazama kimshazari, kwa hiyo ni bora kugawanya marekebisho kidogo kwa pembe zote nne kuliko kuzungusha moja sana. Ukimaliza, rekebisha urefu wa linki za stabilaiza ziingie bila kulazimishwa.

Hatua ya 6: Alaimenti na majaribio

Peleka gari kwenye alaimenti baada ya urefu kukamilika, kamwe si kabla, maana kila milimita ya urefu inageuza mlalo na uelekeo wa matairi. Elekeza upya taa kubwa pia.

Kwa shokapu zenye kirekebishi, zungusha hadi mwisho wa ugumu, rudi nyuma ukihesabu mikato (kila mlio mdogo wa kirekebishi ni mkato mmoja), na anzia upande laini. Pita barabara unayoifahamu. Bodi ikiendelea kupanda na kushuka baada ya tuta, ongeza mikato miwili na urudie barabara ileile. Badilisha ekseli moja kwa wakati, hutajua vinginevyo ni ipi iliyoleta tofauti.

Baada ya kama kilomita 150 rudi chini ya gari na spana ya toki: bolti zote, pete zote, na vile vikalio vya shokapu, ukitafuta rangi iliyopasuka kuzunguka bolti. Springi mpya hukaa chini kidogo zikitumika, kwa hiyo pima tena urefu kutoka habu hadi madigadi, na kama umebadilika, rudi kwenye mizani.